Kumtafuta Bibi wa Bibi

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Kilosa na Mikumi. Lisomwe kwa sauti darasani, kisha wanafunzi wazungumze.

Walio nyuma wasogee karibu, na kila mmoja awe na daftari lake na kalamu ya risasi, maana leo tutaandika.

Nataka kuanza na swali. Je, unajua jina la bibi yako? Naam, wengi mnalijua. Je, unajua jina la mama wa bibi yako? Hapo baadhi yenu mmenyamaza. Na bibi wa bibi yako, yule ambaye wewe ni kilembwe wake, aliitwa nani? Alizaliwa wapi? Alikuwa wa ukoo gani?

Mtu huyo si wa hadithi za kale sana. Hesabuni pamoja nami. Tuchukue mwanamke mmoja anayekaa Mikumi. Ni mfano tu, basi hatutampa jina. Alizaliwa mwaka 1958 katika kambi ya mkonge Kimamba. Mama yake alizaliwa 1935. Bibi yake alizaliwa 1912. Mama wa bibi alizaliwa karibu na 1892. Basi bibi wa bibi alizaliwa karibu na 1870. Ni hatua nne tu, na tumefika zamani za misafara ya pembe na watumwa, kabla ya Wajerumani kuja.

Somo letu la leo ni namna ya kumtafuta mtu kama huyo. Wengi hudhani kwamba kazi hii ni ya wasomi wa chuo kikuu. Sivyo. Ni kazi ya mtu yeyote anayejua kusoma, kuandika na kuuliza kwa adabu.

Anza na wewe mwenyewe

Usianze kwa kukimbilia kanisani. Chukua daftari, andika jina lako chini kabisa ya ukurasa. Juu yake andika jina la mama yako na la baba yako. Juu yao andika wazazi wao. Panda hatua moja moja, kama mtu apandaye ngazi. Akiruka hatua huanguka.

Kisha nenda kwa wazee. Usimwulize mzee, "Ulizaliwa mwaka gani?" Wazee wengi hawakuhesabiwa miaka. Mwulize juu ya mambo yaliyotokea. Vita vya Maji Maji vilikuwa mwaka 1905 hadi 1907. Majeshi ya Waingereza yaliingia Kilosa mwezi wa Agosti 1916. Homa kubwa iliyoua watu duniani kote ilikuja mwaka 1918. Reli ya kutoka Kilosa ilifika Mikumi mwaka 1960. Mbuga ya Mikumi ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1964.

Yule mwanamke wa mfano wetu aliambiwa na mama yake hivi: "Mama wa bibi yako alikuwa mwali wakati wa Maji Maji." Haya, tupige hesabu. Mwali huwa na umri wa miaka 13 hivi. Toa 13 katika 1905. Jibu ni 1892. Mwaka huo hakuandikiwa popote, bali tumeupata kwa maneno ya nyumbani na hesabu ya kutoa.

Jambo lingine kubwa ni ukoo. Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Lakini vitabu vingi vya serikali na vya dini viliandikwa na watu ambao kwao ukoo ni wa baba. Basi waliuliza, "Mwana wa nani?" wakaandika jina la baba, wakafikiri yamekwisha. Wewe uliza yote mawili. Uliza jina la ukoo wa mama, uliza na mwiko wa ukoo huo, maana mara nyingine jina husahauliwa na mwiko ukabaki.

Fungua kisanduku

Katika nyumba nyingi kuna mkebe au kisanduku chenye karatasi kuukuu. Kifungue pamoja na wenye nyumba, wala usichukue kitu bila ruhusa. Humo waweza kupata risiti ya kodi. Wajerumani walitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza wakaweka sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Waweza kupata kipande, yaani karatasi ya kazi ya mtu wa mkonge. Mashamba ya Kimamba na Rudewa yalikusanya watu wa kila pembe ya nchi, wakiwamo manamba waliotoka mbali sana. Kwa hiyo kipande kikitaja kijiji na mkubwa wa kwao, kimekuonyesha njia. Waweza kupata pia cheti cha ubatizo au cha ndoa.

Karatasi hizo zinakufa. Mchwa wanazila. Mwezi wa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaingia nyumba za watu Kilosa na kubeba vitu vyao. Basi kila karatasi utakayoiona, inakili siku hiyo hiyo kwa mkono wako, neno kwa neno, hata makosa yake. Ukiwa na simu ya kamera, ipige picha pia.

Kwenda kanisani

Sasa twende kanisani. Katika nchi yetu vitabu vya ubatizo ni katika maandishi ya zamani kabisa yenye majina ya watu wa kawaida. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na Mhonda katika milima ya Nguru mwaka 1877. Katika miaka ya 1880 walikuwa pia Ilonga, karibu na Kilosa. Wamisionari Waingereza wa C.M.S. walikuwa Mpwapwa katika miaka ya 1870, na wakaanza kazi Mamboya, katika nchi ya Wakaguru, karibu na mwaka 1880.

Nenda kwa paroko au kwa kasisi, ueleze haja yako. Vitabu hivi ni vya kanisa, tena vina siri za watu. Usidai kupewa ukapekue. Sema jina unalolitafuta, mahali, na miaka unayokisia, mathalani "kati ya 1890 na 1895". Atakayekusaidia atashukuru kwa kuwa umempunguzia kazi.

Kitabu cha ubatizo huwa na namba, tarehe, jina la mbatizwa, umri, wazazi, msimamizi, na jina la aliyebatiza. Usiache kutazama pembeni mwa ukurasa. Tangu mwaka 1908 sheria ya Kanisa Katoliki iliagiza kwamba mtu akioa au akiolewa, habari hiyo iandikwe pia pembeni mwa jina lake katika kitabu alichobatiziwa. Basi neno dogo la pembeni laweza kukupeleka parokia nyingine kabisa.

Kuna mitego mitatu. Iandikeni.

Mtego wa kwanza ni lugha. Vitabu vya Wakatoliki viliandikwa kwa Kilatini. Filius ni mwana wa kiume, filia ni binti, pater ni baba, mater ni mama. Neno ignotus maana yake ni asiyejulikana. Likumbukeni neno hilo, tutalirudia.

Mtego wa pili ni miezi. Mapadri wa Kifaransa mara nyingine waliandika 7bris, 8bris, 9bris na Xbris. Ukiona 8bris usifikiri ni mwezi wa nane. Katika Kilatini septem ni saba, octo ni nane, novem ni tisa, decem ni kumi. Kwa hiyo 7bris ni Septemba, 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, na Xbris ni Desemba. Watu wengi wamekosea miezi miwili hapo.

Mtego wa tatu ni namna ya kuandika majina. Kila mgeni aliandika kwa masikio ya kwao. Mfaransa aliandika Ousagara pale sisi tunapoandika Usagara. Mjerumani aliandika Kilossa na Bagamojo. Mwingereza aliandika Mamboia. Basi ukitafuta jina la bibi yako, litamke kwa sauti, kisha ujiulize: Mfaransa angeliandikaje? Mjerumani je? Tafuta namna zote.

Jina lililobadilishwa

Liko jambo gumu kuliko tahajia, nalo ni jina lenyewe kubadilika. Nitawapa habari ya mtu wa kweli.

Kijana mmoja Myao aliitwa Chengwimbe. Alikamatwa angali mtoto, akauzwa, akatiwa katika jahazi. Meli ya vita ya Waingereza ikawaokoa baharini, naye akapelekwa India, akasomeshwa katika shule ya misheni karibu na mji wa Nasik. Huko akabatizwa, akaitwa Matthew Wellington. Mwaka 1872 alikuwa katika msafara uliotumwa kutoka pwani kumfuata David Livingstone Unyanyembe. Livingstone alipokufa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, ambako leo ni Zambia, Chengwimbe alikuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wake hadi pwani. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Baadaye aliishi Frere Town karibu na Mombasa, kijiji cha misheni cha watumwa waliowekwa huru. Alifariki Mombasa mwaka 1935.

Sasa fikirini. Mjukuu wake akifungua kitabu cha kanisa na kutafuta Chengwimbe, huenda asione kitu. Na mgeni akiona Matthew Wellington, atadhani ni Mwingereza aliyekuja na meli. Mtu ni yule yule. Jina la kanisani bila jina la nyumbani ni nusu ya mtu. Kwa hiyo ukikaa na mzee, uliza: "Bibi huyu kabla hajabatizwa aliitwaje? Nyumbani walimwitaje?"

Je, hesabu ya watu itasaidia?

Mwanafunzi mmoja aweza kuuliza: "Mwalimu, kwa nini tusitazame sensa?" Ni swali jema. Katika Uingereza sensa za zamani zina majina ya watu, na baada ya miaka 100 hufunguliwa zisomwe. Sensa yao ya mwaka 1921 ilifunguliwa 2022. Mwingereza hukaa mezani akamwona babu yake pamoja na watoto wake na kazi yake.

Kwetu sivyo. Katika hesabu za 1921 na 1931 serikali ya Waingereza ilitaka kujua idadi: watu wangapi, wa kabila gani, wako wilaya gani. Mwaka 1948 ndipo ikafanyika hesabu iliyo bora zaidi, kisha 1957. Baada ya Uhuru tulihesabiwa 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Katika hesabu ya 2022 tulikuwa watu 61,741,120. Majibu ya mtu mmoja mmoja ni siri kwa sheria. Kwa hiyo sensa itakuambia kulikuwa na watu wangapi. Bibi yako kwa jina hutamwona humo.

Kilicho karibu zaidi na sensa yenye majina ni daftari la kodi, na kumbukumbu za wilaya. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar es Salaam. Huko ziko karatasi za serikali ya Wajerumani na za Waingereza, na vitabu vya wilaya ambamo maofisa waliandika habari za makabila na za machifu. Mtu wa Kilosa aweza kupanda treni ya umeme, iliyoanza safari zake mwaka 2024, akafika Dar es Salaam mapema. Lakini asiende mikono mitupu. Aende na daftari lake lenye majina, mahali na miaka. Barua za wamisionari ziko mbali zaidi: za C.M.S. ziko Birmingham, Uingereza, na za Mapadri wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue, Ufaransa.

Nanyi ndugu Waislamu msione somo hili si lenu. Katika nyumba nyingine majina na tarehe za kuzaliwa viliandikwa katika kurasa za mwanzo za msahafu au kitabu kingine. Tazameni pia hati za mirathi, na hati za uhuru ambazo serikali ya Wajerumani iliwapa baadhi ya waliokuwa watumwa.

Neno zito

Sasa nirudi kwa yule mwanamke wa Mikumi. Tuseme anafika Mhonda na kuona ubatizo wa mama wa bibi yake mwaka 1892. Mama wa mtoto ameandikwa Maria. Anatazama kitabu cha ndoa, anaona kwamba Maria huyo aliletwa kutoka Bagamoyo. Anakwenda Bagamoyo. Huko anamkuta Maria, amebatizwa akiwa na umri wa miaka 10 hivi. Na mahali pa wazazi pameandikwa lile neno la Kilatini: hawajulikani.

Hapo ataelewa. Mtoto wa miaka 10, bila baba wala mama, katika misheni ya Bagamoyo kabla ya Wajerumani, aghalabu alikuwa mtoto aliyetolewa utumwani.

Ndugu zangu, habari hii huumiza. Katika nyumba nyingi wazee wameificha miaka na miaka, wasitukanwe. Ukimwuliza mzee naye akanyamaza, usimlazimishe mbele ya watu. Rudi siku nyingine, keti naye peke yake, mletee sukari, zungumzeni mengine kwanza. Na ukishajua, usiipeleke kilabuni. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini matusi yake hayakufutwa na karatasi.

Twasema, "Mwacha asili ni mtumwa." Methali ni ya kweli kwa mtu anayedharau kwao kwa kutaka. Lakini msimtupie mtoto yule. Yeye hakuacha asili yake, alinyang'anywa. Aibu ni ya aliyemteka, aliyemwuza na aliyemnunua.

Tena kitabu kimesema "hawajulikani". Hawajulikani kwa nani? Kwa padre aliyeshika kalamu. Mtoto mwenyewe alimjua mama yake. Tuseme aliujua ukoo wake, akamwambia binti yake. Binti akamwambia wa kwake, naye wa kwake, hata likafika neno hilo kambini Kimamba, katika masikio ya mtoto aliyezaliwa 1958: "Sisi ni wa ukoo fulani, na nyama fulani hatuli." Wanawake hao wengi wao hawakujua kuandika. Wamelibeba neno moja miaka 150, kutoka kinywa hadi kinywa, na mafuriko hayakulichukua.

Basi mwanamke wetu aliandike jina la ukoo katika daftari lake, kando ya jina la Maria. Kisha aende kwa wazee wa Usagara awaulize, "Ukoo huu kwao ni wapi?" Huenda wakamwonyesha bonde au mlima. Huenda wasimwonyeshe. Lakini ile nafasi ya wazazi haitakuwa tupu tena, maana yeye mwenyewe ameijaza, kwa mkono wake, kwa herufi alizojifunza darasani.

Ndiyo maana nasema msingoje. Mzee aliyeko barazani leo ndiye kitabu chenu cha kwanza, nacho hakina nakala. Mwendeeni jioni hii.



Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini tunaanza na sisi wenyewe kabla ya kwenda kanisani?
2. Bibi mmoja alikuwa na miaka 6 hivi Waingereza walipoingia Kilosa. Alizaliwa karibu na mwaka gani?
3. Katika kitabu imeandikwa 9bris 1884. Ni mwezi gani?
4. Kwa nini jina la ukoo wa mama lina maana kubwa katika wilaya yetu?
5. Sensa inatuambia nini, na nini haituambii?

Kazi ya nyumbani

Andika jina lako, la mama yako, la bibi yako na la mama wa bibi yako. Kando ya kila jina andika mahali alipozaliwa na tukio moja la wakati wake. Usilolijua, acha nafasi, wala usibuni. Nenda kwa mzee mmoja ukaulize, kisha mwambie mwalimu darasani ni nafasi gani uliyoweza kuijaza.